Jina la Rais Yule na Kaburi la Makori

Iko siku moja, mwanangu, ambayo imekataa kunitoka. Kila nikisikia vijana wakibishana kuhusu rais wa Marekani, huyu akisema ni malaika na yule akisema ni shetani, siku hiyo hunirudia. Ni siku ambayo mama mkwe wangu alimchukua mtoto wangu mchanga kutoka mapajani mwangu, akatoka naye nje kwenye manyunyu, nami nikamfuata miguu mitupu kwenye matope.

Nikusimulie kwanza tulivyofika hapo.

Mimi naitwa Kemunto. Niliolewa upande wa Itumbe, kwenye mashamba ya chai na migomba, na nimeishi hapo mpaka nywele zimegeuka rangi na wajukuu wananivuta leso. Lakini wakati huo nilikuwa kijana, ingawa ungeniona ungedhani ni kikongwe. Mimi na mume wangu Ombati tulikuwa na virusi vya ukimwi. Ombati alikuwa bado na nguvu kidogo. Mimi nilikuwa mifupa na ngozi.

Miaka ile watu walikufa, mwanangu. Tulikuwa tukitoka mazishi ya huyu tunaingia matanga ya yule, na hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa. Walisema ni kifua, walisema ni homa, walisema amerogwa. Wanawake niliochuma nao chai waliniletea chakula, lakini walikiweka mlangoni na kuondoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami nilikuwa nimeanza kuijua kabla ya kufa.

Aliyekataa nife ni shemeji yangu Makori, mdogo wake Ombati. Alikuwa dereva wa lori, kijana wa maneno machache na mabega mapana. Alisikia kwamba hospitali moja mjini Kisii imeanza kutoa dawa mpya bila malipo. Asubuhi hiyo alinibeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka barabarani. Wapo watu waliosimama wakatutazama, na wapo waliocheka. Makori hakugeuza shingo.

Pale hospitalini kulikuwa na bango lenye bendera ya Marekani, na maandishi kwamba dawa zimetoka kwa watu wa nchi hiyo. Nesi alinieleza kwamba rais wao ndiye aliyesimama mbele ya wabunge wake akaomba fedha za kuwatibu watu kama mimi katika Afrika. Sikuelewa.

"Kwani ananijua?" nikamuuliza.

Nesi akacheka kidogo. "Hakujui, dada. Meza dawa."

Jina la rais huyo sitalitaja. Ukilitaka utalipata, si siri. Lakini nimeona kwamba jina likitajwa tu watu huacha kusikia, kila mmoja akakimbilia upande wake. Nataka wewe uyaone matendo kwanza.

Basi nikameza. Mama mkwe wangu, Omong'ina Bosibori, ndiye aliyenichemshia maji ya kumezea. Omong'ina kwetu ni mwanamke mzee wa kuheshimiwa, na yeye aliistahili heshima hiyo. Alinikorogea uji wa wimbi, akaniosha kama mtoto, akakaa nami dawa ziliponitapisha. Mwili ukaanza kurudi polepole. Siku niliyobeba kikapu changu cha majani mwenyewe mpaka kituo cha kununulia chai, mmoja wa wanawake wenzangu akaanza kuimba wimbo wa kanisani na wengine wakaitikia. Sabato iliyofuata, Omong'ina alisimama wakati wa maombi akamwombea yule rais kwa jina lake, kwa sauti, kama vile angemwombea ndugu yake wa tumbo moja.

Lakini mkono wa mtu mkubwa haufanyi kazi moja. Rais yuleyule alikuwa amepeleka jeshi lake kupigana katika nchi ya Waarabu. Redioni tulisikia kwamba nchi ile ina silaha za maangamizi. Baadaye redio hiyohiyo ikasema silaha hizo hazikuonekana. Sisi tulisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua inayonyesha ng'ambo ya kilima. Hatukujua itafika kwetu.

Wakala mmoja wa Nairobi alikuwa akitafuta madereva wa kufanya kazi Arabuni. Makori akaenda. Aliambiwa ataendesha malori mjini, lakini alipofika alivushwa mpaka kuingia nchi ile ya vita, akapewa lori la kubebea mafuta ya jeshi. Alipopiga simu alimwambia mama yake kwamba joto la huko ni kama kusimama mbele ya tanuri la matofali. Ya mabomu hakumwambia. Alimwambia Ombati, na Ombati akakaa nayo kifuani mpaka akakonda.

Bomu lilikuwa limetegwa kando ya njia.

Sanduku lilikuja limefungwa, na waliolileta walituonya lisifunguliwe. Omong'ina aliweka shavu lake juu ya mbao. "Nitajuaje kama ni mwanangu?" akauliza. Tulimzika Makori kando ya migomba, na tangu hapo, kila tulipofika mahali pa kuwaombea watawala kanisani, Omong'ina alifumba mdomo.

Haikupita muda mrefu nikapata mimba. Nesi alinifundisha namna ya kumlinda mtoto asiambukizwe, nami nikafuata kila neno. Nilimzaa mvulana. Sikumpa jina, maana niliogopa kumpa jina kisha nikalizika. Nyumbani tulimwita Mgeni. Omong'ina hakuniuliza kitu. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na marehemu aliyekuwa akingojea alijulikana na kila mtu.

Mwishowe nikaambiwa vipimo vyote vimekamilika na mtoto hana virusi. Nililia mpaka nesi akafunga mlango wa chumba. Njiani kurudi nyumbani nilimtazama mtoto amelala kifuani, nikaamua. Nilimkuta Omong'ina jikoni akipepeta wimbi, Ombati ameketi kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe.

"Mama," nikasema nikiketi na mtoto mapajani, "mtoto ni mzima kabisa. Na jina nimelipata."

Alimshukuru Mungu mara nyingi, akaweka ungo chini, akapangusa mikono. "Basi mwite, nimsikie."

Nikamtajia jina la yule rais.

Ombati aliacha kuchonga. Mama mkwe wangu hakusogea. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujanitoka, "Bila dawa zake, mama, mimi ningekuwa chini ya udongo, na huyu hangezaliwa. Makori litakuwa jina la pili. Atakuwa na yote mawili."

"Jina la aliyeuawa, na jina la aliyeanzisha vita vilivyomuua, ndani ya mtoto mmoja," akasema polepole. "Nikimwita aje ale, niwaite wote wawili?"

"Mama, si yeye aliyetega bomu," Ombati akasema.

"Nimesema alitega? Nauliza ni nani aliyewasha moto ambao mwanangu alipelekwa kuupitia na lori la mafuta."

Hapo ulimi wangu ukanitangulia. "Makori alikwenda mwenyewe. Alitafuta kazi kama wengine."

Mwanangu, neno ni kama yai, likianguka halizoleki. Omong'ina alisimama. Alinijia, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwangu, taratibu, wala hakumnyakua, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akamfunika kwa leso yake, akatoka.

Kwa muda niliketi nikidhani atarudi. Kisha nikakumbuka kwamba njia ya nyuma ya nyumba yetu inagawanyika: tawi moja linakwenda kwenye migomba, lingine linashuka mtoni, na mto ulikuwa umejaa kwa mvua za siku nyingi. Tangu tumzike Makori, majirani walikuwa wakinong'ona kwamba huzuni imemgusa akili. Mara mbili walimkuta amesimama ukingoni, akitazama maji tu. Niliruka nikatoka mbio. Ombati alikuwa nyuma yangu akiniita, lakini sikumngoja. Nilianguka, nikainuka. Pale njia inapogawanyika nilitazama matope, na nyayo zilikuwa nyingi, za ng'ombe na za watu, sikuweza kuzitambua zake. Nikashuka kuelekea mtoni. Kando ya maji hapakuwa na mtu. Nilisimama nikiyatazama yale maji ya rangi ya udongo.

Ndipo nikasikia mtoto akilia, juu, upande wa migomba.

Nilimkuta Omong'ina ameketi kwenye jiwe kando ya kaburi la Makori, amemkinga mtoto chini ya jani pana la mgomba. Mtoto alikuwa mkavu kabisa. Yeye ndiye aliyelowa. Alinitazama nilivyochafuka matope mpaka magotini, akaelewa nilikotoka na nilichokidhania.

"Kaa chini, Kemunto," akasema. "Simpeleki mtoto wako popote. Nilitaka tu baba yake mdogo amwone."

Nikakaa kwenye majani yaliyolowa. Ombati alifika akihema, naye akasimama nyuma yetu.

"Sasa nisikilize," Omong'ina akasema, "maana haya nitayasema mara moja tu. Ulipokuwa huwezi kusimama, nani alikuchemshia maji?"

"Ni wewe, mama."

"Na nilimwombea nani kanisani?"

Nikageuza macho kwenye kaburi.

"Nilimwombea kwa moyo wangu wote, na sikuwa nikisema uongo. Halafu walipoleta lile sanduku, nilimlaani kwa moyo wangu wote, na siku hiyo pia sikuwa nikisema uongo. Nimekaa hapa mara nyingi nikijaribu kuyaweka pamoja. Nikasema labda uhai wako umelipia kifo cha Makori. Nikaona hapana. Wewe si malipo ya mtu, na Makori hakuwa bei ya mtu. Nikasema labda kifo cha Makori kinafuta zile dawa. Nikakutazama ukichuma chai, nikaona hakiwezi kufuta. Yamekataa kuchanganyika. Ni mambo mawili, yametoka kwa mtu mmoja, na yote mawili ni kweli."

Alipangusa maji usoni.

"Wewe unataka kumsifu kwa sababu mema yake umeyapata. Usinifanye niyameze machungu yangu ili sifa yako inyooke. Mimi sikukwambia uziteme dawa zake. Na jambo lingine. Mtu yule hakutujua. Hakukuponya kwa sababu anakupenda, na Makori hakufa kwa sababu anamchukia. Aliamua akiwa kwake, na maamuzi yakasafiri. Mtu wa namna hiyo hupewa shukrani, hudaiwa majibu, lakini hapewi mtoto. Mtoto hupewa anayemjua."

Kisha, mwanangu, akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alininyooshea mtoto. "Ni wako," akasema. "Mpe jina unalotaka. Nitamwita hilo utakalomwita, hata likinikwama kooni."

Nilimshika. Nililitazama kaburi la yule kijana aliyenibeba mgongoni mbele ya watu waliocheka. Nilitazama uso wa mama aliyekuwa tayari kumeza jina lile kwa ajili yangu.

"Makori," nikasema. "Basi. Makori peke yake."

Omong'ina aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ombati akaja akamshika. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Omong'ina aliniambia jambo moja tu: "Lakini akikua, mweleze kuhusu dawa. Usipomweleza utakuwa umemwibia yule mtu haki yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Omong'ina sasa amelala kando ya mwanawe. Nami kwa miaka mingi sikumweleza mtoto. Nilingoja akue, alipokua nikangoja amalize shule, alipomaliza nikaona haya. Ugonjwa huu bado una haya yake hapa kwetu, tusidanganyane.

Halafu Marekani ikapata rais mwingine, naye akaamuru misaada isimamishwe. Nilikwenda kuchukua dawa nikakuta kliniki ndogo niliyoizoea imefungwa kwa kufuli. Washauri waliokuwa wakituhudumia walikuwa wamesimama nje na mikoba yao, wamesimamishwa kazi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akiuliza kila aliyepita, "Tumekosa nini?" Niliutikisa mkebe wangu wa dawa, ukatoa sauti ya kitu kinachokaribia kwisha.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Makori, sasa kijana mwenye duka la kutengeneza simu pale Masimba, ameketi na simu yake akimtazama rais huyohuyo akihutubia.

"Mathe, huyu prezo hana mchezo," akaniambia. "Anatetea mambo ya Biblia. Na hiyo misaada amekata, si ilikuwa inaliwa tu na wakubwa?"

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni. "Nilikuwa naila mimi," nikasema.

Alidhani nafanya mzaha. Nikaweka mkebe mezani mbele yake. Aliusoma, akanitazama, akausoma tena. Akazima simu. Nami nikakaa nikamweleza yote, mgongo wa baba yake mdogo, sanduku lililofungwa, nyayo zilizochanganyika njiani, na jina ambalo angeitwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nilikuwa nikiogopa kumtazama, maana sikujua kama bado nitakuwa mama yuleyule machoni pake.

"Na mimi nilikuwa naongea tu," akasema. Kisha akauliza, "Sasa yule wa kwanza, alikuwa mtu mzuri ama mbaya?"

Nilimjibu kama nyanya yake alivyonijibu, kwamba ni mambo mawili na yote mawili ni kweli. Asubuhi alifunga duka, akazunguka nami hospitali za serikali mpaka tukapata moja iliyokuwa na dawa. Walinipa kidogo kuliko nilivyozoea, wakaniambia nirudi. Nimekuwa nikirudi. Kila ninaporudi sijui nitakuta nini, na hivyo ndivyo ninavyoishi mpaka leo ninapozungumza nawe.

Usifikiri nitamhukumu huyo wa pili kwa jambo moja pia. Akiuliza watu wake watawabeba wagonjwa wa nchi nyingine mpaka lini, hilo si swali la mpumbavu. Mimi mwenyewe nimejiuliza kwa nini sisi, wenye chai na migomba na viongozi wa kila ngazi, tuliuacha uhai wetu mfukoni mwa mtu wa mbali. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini aliyechoka kubeba mgonjwa humfikisha ng'ambo kwanza, hamwangushi katikati ya mto. Hayo ndiyo yangu. Wewe una yako, na jirani yako ana yake, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kumpima mtawala, wa kwetu au wa ng'ambo, usianze na hotuba yake wala na wanaompigia makofi. Nenda kwa yule ambaye uamuzi ulimfikia mlangoni, umuulize ulikuja umebeba nini. Kisha nenda kwa mlango wa pili, kwa sababu huenda ulibeba kitu kingine. Ukikuta dawa, sema dawa. Ukikuta kaburi, sema kaburi. Usikubali mtu akulazimishe kufuta kimoja ili kingine kipendeze, na ukiwa umeponywa, usimwambie aliyefiwa jinsi ya kuhesabu. Shukuru bila kuabudu. Lalamika bila kusahau ulichopokea. Na chumba cha moyo wako kilicho karibu kabisa, mpe anayekujua kwa jina, aliye tayari kukubeba mbele ya wanaocheka.

Mungu wetu, ambaye sisi humwita Nyasae, akuhifadhie macho yako yote mawili, asikuache ulifumbe jicho moja kwa hofu wala kwa ushabiki. Akupe ulimi usiotangulia moyo. Uamuzi wa wakubwa utakapokufikia, ukukute umesimama na watu wako, na jioni ikiingia, mtu akuite nyumbani kwa jina lisilomkwama kooni.